Kadi Ikizuiwa: Namna ya Kuzungumza na Kitengo cha Udanganyifu cha Benki

Ndugu zangu wafanyabiashara, vijana mnaoondoka kwenda masomoni, na wazazi mliowasindikiza, asanteni kwa kufika.

Nitazungumza juu ya kadi ya benki inapozuiwa, na juu ya watu mtakaokutana nao baada ya hapo: kitengo cha udanganyifu. Jina hilo linawatisha wengi. Mtu akiambiwa suala lake liko kitengo cha udanganyifu, anadhani tayari ametuhumiwa. Hajatuhumiwa. Hao ni wafanyakazi waliokaa mbele ya kompyuta wakitazama miamala ambayo mfumo umeitilia shaka, na jina lako linapotokea mbele yao hawajui kama anayepiga simu ni mwenye kadi au ni aliyeiba kadi. Kwa hiyo unapozungumza nao una mambo mawili ya kuwathibitishia. La kwanza, kwamba wewe ni wewe. La pili, kwamba muamala uliotiliwa shaka ni wako, au si wako. La kwanza watu wengi wanalimudu. La pili wanaliharibu kwa haraka, na hapo ndipo fedha zinapopotea.

Tuanze na kinachotokea. Unapoingiza kadi kwenye mashine ya dukani, au unapoandika namba zake mtandaoni, ombi linatoka kwa muuzaji, linakwenda benki ya muuzaji, linapita kwa Visa au Mastercard, linafika benki yako, kisha jibu linarudi kwa njia ile ile. Yote hayo ni sekunde chache. Ndani ya sekunde hizo mfumo wa benki unaupima muamala: unatoka nchi gani, ni duka la aina gani, ni kiasi gani, ni saa ngapi, na unafanana vipi na mazoea yako. Asubuhi umetoa fedha kwenye ATM ya Mwenge, dakika ishirini baadaye namba za kadi hiyo hiyo zinanunua simu Brazili. Hapo hakuna wa kujiuliza mara mbili. Yapo mengine yasiyoonekana upesi. Malipo mawili matatu ya dola moja moja yakifuatwa na moja kubwa, maana ndivyo wezi wanavyoijaribu kadi kuona kama iko hai. Zile namba tatu za nyuma, au tarehe ya mwisho wa kadi, kukosewa mara kadhaa, maana ndivyo afanyavyo mtu anayebahatisha. Kadi yenye chipu kusomwa kwa ule ukanda wa sumaku wa nyuma, maana ukanda unanakiliwa kirahisi na chipu si rahisi. Na mara nyingine wewe hujafanya kosa lolote: duka ulilowahi kulipia limegundulika kuvujisha namba za kadi, benki inazuia kadi zote zilizopita pale, na yako imo.

Kwa ninyi mnaoagiza mzigo, tatizo kubwa ni la kawaida kabisa. Kadi imekaa miaka mitatu ikinunua mafuta ya gari na vitu vya nyumbani hapa Dar es Salaam, halafu siku moja usiku inaombwa kulipa dola elfu mbili kwa muuzaji wa Guangzhou ambaye haijawahi kumlipa. Mfumo unafanya kazi yake. Kinachowaumiza wengi ni wanachofanya baada ya pale: wanajaribu tena, na tena, mara nne, mara tano. Kila jaribio linaongeza shaka, na kadi iliyokuwa imesimamishwa kwa muda inaweza kufungwa moja kwa moja. Wengine wanaona wayavunje malipo, dola elfu mbili ziwe mia nne mara tano. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu kukatakata kiasi kikubwa ili kipite chini ya kiwango ndiyo tabia ambayo mfumo umefundishwa kuikamata. Ukikataliwa mara moja, angalia salio na tarehe ya kadi. Ukikataliwa mara ya pili, acha, lipa kwa njia nyingine kama ipo, kisha shika simu.

Kabla ya kupiga, jaribu kujua umezuiwa na nini, kwa sababu tunatumia neno moja "imezuiwa" kwa hali ambazo hazifanani. Mashine nyingi za dukani huchapa namba mbili za jibu kwenye risiti ya muamala uliokataliwa. Usiitupe risiti hiyo. 51 maana yake salio halitoshi. 54, kadi imepitwa na muda. 55, namba ya siri imekosewa. 75, imekosewa mara nyingi mpaka mfumo umeifunga. 61, umevuka kiwango cha kutoa fedha. 91, benki yako haikupatikana wakati ule, na hapo ni kusubiri tu. 41 na 43, kadi imeandikishwa kuwa imepotea au imeibiwa. 59, inashukiwa udanganyifu. 62, kadi imewekewa kizuizi. Ipo na 05, inayowasumbua watu kuliko zote: maana yake ni "usikubali", basi, bila sababu kutajwa. Benki hujificha nyuma ya 05 kwa mambo mengi, kwa hiyo ukiiona usihitimishe chochote mpaka uulize.

Ukishaongea na benki, hali yako itaangukia moja kati ya hizi. Huenda ni muamala mmoja tu uliokataliwa na kadi yenyewe ni nzima. Huenda kadi imesimamishwa kwa muda, na ukithibitisha inafunguliwa siku hiyo hiyo. Huenda imefutwa, na kadi iliyofutwa haifufuki hata meneja wa tawi akipenda. Lazima itolewe nyingine yenye namba mpya. Na huenda si kadi iliyozuiwa, ni akaunti nzima. Hiyo ya mwisho ni habari nyingine kabisa. Akaunti hufungwa kwa sababu taarifa za mteja zimepitwa na wakati, au kwa amri ya mahakama, au kwa sababu ya ufuatiliaji wa utakatishaji wa fedha, na kitengo cha udanganyifu wa kadi hakina ufunguo wa mlango huo. Ikiwa ni utakatishaji, sheria inamkataza mfanyakazi wa benki kukudokezea kwamba unachunguzwa, kwa hiyo usimfokee kwa kukaa kimya. Peleka tawini ankara, mikataba, leseni ya biashara na ushahidi wa fedha zilikotoka, kwa barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Sasa nakuja kwenye simu, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Saa ile ya kwanza baada ya kadi kuzuiwa ni saa ya hatari. Kadi yenyewe imeshazuiwa, haitoi hata shilingi. Hatari iko kwa mtu atakayekupigia wewe. Fikirini mpango huu wa matapeli. Wana namba za kadi yako, wamezinunua pahali. Wanajaribu malipo, benki inakutumia ujumbe wa kweli kabisa kwamba kuna muamala umetiliwa shaka. Dakika mbili baadaye simu inaita. Sauti ni ya upole, nyuma yake inasikika kelele ya ofisi. "Ndugu mteja, tunapiga kutoka kitengo cha usalama wa kadi. Tumeona muamala wa shilingi 480,000, je, ni wewe?" Unasema hapana, na unasema kweli. "Basi tunauzuia. Utapokea namba sita kwa ujumbe, tusomee ili tuufute." Unasoma. Namba hizo sita zilikuwa OTP, yaani namba ya siri ya kutumika mara moja tu, ya kuidhinisha malipo yale yale uliyodhani unayafuta.

Shikeni hili: hakuna OTP ya kufuta muamala. Kazi ya OTP ni kuruhusu. Na ukiufungua ujumbe wenyewe ukausoma wote, mara nyingi umeandika kiasi na jina la muuzaji. Watu hawasomi maneno, wanasoma namba tu. Tena msidanganyike kwa kuwa ujumbe umeingia kwenye mfululizo ule ule wa jumbe za benki yenu. Simu hupanga jumbe kwa kufuata jina la mtumaji, na jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Namba inayoonekana mtu anapokupigia nayo inaweza kughushiwa. Ule utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeuzoea mpaka watoto wanaujua. Huu wa kitengo cha usalama bado unawanasa watu waliosoma na watu wa biashara kubwa, kwa sababu unaanza na jambo la kweli.

Kwa hiyo kanuni ni moja: wewe ndiye unayepiga. Akikupigia mtu anayesema ni wa benki, hata kama anajua jina lako na namba nne za mwisho za kadi, mwambie utapiga mwenyewe, kata. Mfanyakazi wa kweli hatachukia. Namba ya kupiga iko nyuma ya kadi. Kadi ikiwa imemezwa na ATM au imepotea, namba iko ndani ya programu ya benki, kwenye barua uliyopewa na kadi, au kwenye tovuti ya benki uliyoiandika mwenyewe kwa anwani yake kamili. Msiitafute kwa kuuliza mtandaoni, na msilalamike kwenye kurasa za benki za Facebook au Instagram mkiacha namba ya simu. Zipo kurasa bandia za huduma kwa wateja zinazosubiri malalamiko hayo, na zinajibu haraka kuliko benki yenyewe.

Kabla hujapiga, kaa mahali penye utulivu, si kwenye foleni ya kaunta. Uwe na kadi, kitambulisho cha NIDA au pasi ya kusafiria, kalamu na karatasi, na miamala yako mitano sita ya mwisho ukiwa umeifungua au umeiandika. Uwe na salio la simu la kutosha, kwa sababu utasubirishwa. Anayepokea kwanza kwa kawaida ni mhudumu wa jumla. Anaona kwamba kadi ina alama lakini huenda hana mamlaka ya kuitoa. Mwombe akuunganishe na wanaofuatilia miamala ya kadi, na kabla hajakuunganisha mwombe namba ya kumbukumbu ya suala lako, ili simu ikikatika usianze upya.

Watakuuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, namba nne za mwisho za kadi, pengine jina la mama, pengine muamala wa mwisho ulioufanya na mahali. Hayo jibu. Hawana haja ya namba ya siri, OTP, nenosiri la programu, wala zile namba tatu za nyuma. Akikuuliza hata moja kati ya hizo, kata, hata kama ni wewe uliyepiga.

Linalokwamisha watu wengi kwenye uthibitisho ni dogo, na linauma: namba ya simu iliyoko benki ni ya zamani. Laini ilipotea mwaka juzi, mtu akasajili nyingine, benki hakwenda. Sasa benki inatuma uthibitisho kwenye laini ambayo pengine imeshauzwa kwa mtu mwingine. Kuibadilisha kwa simu haiwezekani, na haifai iwezekane, kwa sababu mwizi naye angeomba hivyo hivyo. Lazima uende tawini na kitambulisho. Ukiwa Dubai au Mumbai, tawi liko wapi?

Ukishathibitishwa, watakusomea miamala na kuuliza: ni wewe? Hapa msikimbie. Kwa kila muamala omba tarehe, saa, kiasi, jina la muuzaji, na kama kadi ilitumika kwa mashine au kwa mtandao. Andika. Kisha jibu.

Kosa la kwanza ni kusema "ndiyo, yote ni yangu" ili kadi ifunguliwe upesi mzigo ulipiwe. Simu inarekodiwa. Kama ndani ya orodha ile kulikuwa na muamala wa mwizi, umeshaukiri kwa sauti yako, na wiki ijayo ukija kudai fedha zako utasomewa maneno yako mwenyewe. Kosa la pili ni kinyume chake: kusema "si wangu" kwa sababu jina ni geni. Jina linaloonekana kwenye taarifa ya akaunti mara nyingi si lile lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Linaweza kuwa jina la kampuni iliyosajiliwa, au la kampuni inayompokelea muuzaji malipo. Linaweza kuwa ada ya mwezi ya programu uliyojaribu bure ukasahau kuifuta, au tangazo la biashara ulilolipia Facebook, au mtoto aliyenunua kitu kwenye mchezo wa simu. Ukisema si wako, benki inaifuta kadi papo hapo kama inavyotakiwa, na unabaki ugenini huna kadi kwa sababu ya ada ya dola tano. Huna uhakika? Sema huna uhakika, omba nusu saa uangalie barua pepe zako za risiti, kadi ibaki imesimamishwa kwa muda huo. Hilo ni jibu halali.

Kama miamala yote ni yako, usikate simu mara tu ukisikia "tumeifungua". Uliza kama hicho ndicho kizuizi pekee. Inatokea sana: alama ya udanganyifu imetolewa, lakini kadi ilikuwa haijaruhusiwa malipo ya mtandaoni, au ya nje ya nchi, au kiwango cha siku ni kidogo kuliko malipo yenyewe. Mtu anajaribu, anakataliwa, alama inarudi, anaanza upya. Kisha mweleze mhudumu kwamba utajaribu malipo yale yale tena: muuzaji fulani, kiasi fulani, ndani ya nusu saa ijayo. Benki nyingi zinaweza kuweka ruhusa ya muda kwa muamala uliotajwa hivyo. Usipotaja, kanuni iliyokuzuia mwanzo itakuzuia tena. Uliza pia kama lile jaribio la kwanza limeacha fedha zilizoshikiliwa. Wakati mwingine benki yako ilikubali, ukakwama upande wa muuzaji, na fedha zimekaa zimeshikwa. Hazijaenda, lakini huzitumii mpaka ziachiwe, na hilo linaweza kuchukua siku kadhaa. Hoteli na wakodishaji wa magari hufanya hivyo kwa makusudi wanaposhika dhamana.

Sasa upande wa pili: muamala si wako kweli.

Omba kadi ifutwe hapo hapo, siyo kusimamishwa. Uliza kama kadi hiyo hiyo ilihifadhiwa kwenye simu au kwenye tovuti yoyote ambayo huitambui, na iondolewe. Badili nenosiri la barua pepe kabla ya lile la benki, kwa sababu anayeshika barua pepe yako anaweza kuomba mengine yote yabadilishwe. Kama simu yako ilipoteza mtandao ghafla siku hiyo bila sababu, piga kampuni ya simu kwa laini nyingine: huenda laini yako imesajiliwa upya na mtu mwingine, na OTP zako zinaingia kwake. Hapa Tanzania ukibonyeza *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Jumbe za matapeli zipelekeni 15040. Nenda polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako iliyoandikishwa kituoni. Kwa ndugu zetu wa Kenya ni namba ya OB. Polisi huenda wasimpate mtu aliyeko nchi nyingine, lakini benki itaomba karatasi hiyo.

Kisha kuna fomu ya kupinga muamala. Simu peke yake haitoshi. Simu inazuia kadi, fomu ndiyo inayodai fedha. Orodhesha kila muamala, hata ule wa dola moja, kwa sababu ule mdogo ndio unaoonyesha wizi ulipoanzia. Andika kwa maneno mafupi, na yaandikeni tu kama ni kweli: "Sikufanya muamala huu. Sikumruhusu mtu yeyote kuufanya. Wakati ule kadi ilikuwa mkononi mwangu, na sikumpa mtu namba ya siri wala OTP." Ambatanisha ushahidi wa ulipokuwa. Ukiwa ulitoa fedha ATM ya Arusha saa moja kabla kadi "haijanunua" kitu dukani Madrid, risiti ile ya ATM inazidi kurasa tatu za maelezo.

Kanuni za Visa na Mastercard kwa udanganyifu zinaipa benki yako siku 120 kuurudisha muamala kwa benki ya muuzaji. Msizihesabu kama siku zenu. Masharti ya akaunti yenu yanaweza kutaka mlalamike mapema zaidi, na benki inahitaji muda wa kuandaa madai. Muamala ambao bado "unasubiri" hauwezi kurudishwa mpaka ukamilike, jambo la siku chache, lakini taarifa toeni leo.

Lipo swali moja ambalo watu hawaliulizi, na mimi ningelibandika kwenye kila ukuta wa tawi: "Muamala huu ulithibitishwa kwa OTP, au haukuthibitishwa?" Uzito wake ni huu. Muuzaji wa mtandaoni akiuza bila kuomba uthibitisho wa benki, kwa kawaida hasara ya udanganyifu inamwangukia yeye, na benki yako ina njia nyepesi ya kurudisha fedha. Uthibitisho ukiombwa na OTP sahihi ikaingizwa, hasara inahamia upande wa benki yako, na benki itakutazama wewe: namba ile ilikuja kwenye simu yako, iliingizwaje? Muamala wa dukani uliotumia chipu na namba ya siri unabanwa hivyo hivyo. Ukilijua jibu mapema, unajua unabishana juu ya nini.

Na kama ulisoma ile OTP kwa tapeli, sema. Najua aibu yake, na najua mtu anavyotetemeka akiandika. Lakini kumbukumbu za mfumo zinaonyesha iliingizwa, na ukiandika kwamba hukumpa mtu, fomu nzima inapoteza uaminifu, pamoja na miamala mingine ambayo kweli haikuthibitishwa. Ukisema ukweli ndani ya dakika za mwanzo, kazi inageuka kuwa mbio: benki iwasiliane na benki inayopokea, au na kampuni ya simu ikiwa fedha zimeingia kwenye pochi ya simu, zishikiliwe kabla hazijatolewa. Mbio hizo hushindwa mara nyingi, na hushindwa zaidi mtu akikaa kimya siku mbili.

Fedha zikirudishwa katikati ya uchunguzi, mara nyingi ni kwa muda. Muuzaji ana haki ya kujibu na kuleta ushahidi wake, na akishinda zinaondolewa tena. Msizitumie mpaka mpate barua ya mwisho. Tena kadi mpya haikati kila uzi. Visa na Mastercard zina huduma inayowapelekea wauzaji namba mpya ya kadi waliyoihifadhi, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Kwa huduma halali ni msaada. Kwa ada unayoipinga ni mlango uliobaki wazi. Iambieni benki izuie malipo ya kujirudia ya muuzaji huyo kwa jina.

Benki ikikaa kimya au ikikukatalia bila sababu iliyoandikwa, andika malalamiko rasmi kwa kitengo cha malalamiko cha benki, na nakala yenye muhuri ibaki kwako. Benki Kuu ya Tanzania ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 na ina dawati la malalamiko, lakini litakuuliza kwanza kama ulishalalamika benki kwako. Hapo ndipo ile karatasi ya majina, saa na namba za kumbukumbu inapolipa.

Vijana mnaokwenda Uingereza na Marekani, mkifungua akaunti kule mtakuwa chini ya sheria za kule. Uingereza namba 159 inakuunganisha na benki nyingi kubwa, na muamala usiouidhinisha kwa kawaida hurudishwa kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata, ingawa benki inaweza kukukata hadi pauni 35. Marekani, kadi ya akaunti iliyoibiwa ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ugundue, hasara yako haizidi dola 50; ukichelewa inaweza kufika dola 500; na ukipitisha siku 60 tangu kutumiwa taarifa ya akaunti, miamala inayofuata inaweza kuwa mzigo wako wote. Someni taarifa ya akaunti kila mwezi.

Kabla ya safari, nenda tawini siku saba mapema. Hakikisha namba ya simu, hakikisha kadi inaruhusiwa nje ya nchi na mtandaoni, taja nchi na tarehe. Washa huduma ya laini yako kufanya kazi nje, hata kama utanunua laini ya kule, kwa sababu OTP inakuja kwenye ya hapa. Andika namba ya benki kwa ukamilifu ikianza na +255. Zile za bure za 0800 kwa kawaida hazipatikani kutoka nje. Kumbukeni saa: Guangzhou iko saa tano mbele yetu, kule ikiwa saa mbili asubuhi hapa ni saa tisa usiku, na si kila benki ina mtu mwenye mamlaka usiku huo. Huduma ya dharura ya Visa au Mastercard inaweza kuandikisha kadi iliyopotea na kuwasiliana na benki yako, lakini kizuizi cha benki yako haikiondoi. Beba kadi ya pili ya benki nyingine, na usiiweke pochi moja na ya kwanza. Kwa malipo ya mtandaoni tumieni kadi ya kujaza fedha, ijazwe kiasi cha mzigo huo tu.

ATM ikimeza kadi, usiondoke pale mashineni. Piga namba ya benki ukiwa umesimama hapo hapo, na mtu akikujia akakwambia uingize tena namba ya siri ili kadi itoke, usiingize: huenda kuna kitu kimechomekwa kwenye tundu la kadi, na anachosubiri ni kuiona namba hiyo kisha wewe uondoke.

Mezani pale mlangoni kuna nakala za fomu ya mfano ya kupinga muamala, chukueni. Sasa tuingie kwenye maswali, na kama yupo ambaye kadi yake imezuiwa leo hii, aanze yeye.